Kura Yangu Ina Wenyewe

Wapo wanaozaliwa wakakuta ukoo, wapo wanaozaliwa wakakuta dini. Mimi nilivikuta vyote viwili, na juu yake nikakuta chama. Hakuna aliyeniuliza. Wakubwa wa CCM wana msemo wao kwamba chama kina wenyewe, na wenyewe ndio wao. Sasa mimi nilipofikisha umri wa kupiga kura niligundua kwamba hata kura yangu ina wenyewe, na mwenyewe katika hao simo.

Babu alikuwa na kadi ya TANU, chama kilichozaliwa Julai 7, 1954. Aliiweka ndani ya sanduku la bati pamoja na hirizi yake, na mpaka anafariki hatukujua alichokuwa akikitegemea zaidi kati ya hivyo viwili. Februari 5, 1977 TANU na ASP zilipoungana ikazaliwa CCM, baba hakujiunga. Anasema yeye hakujiunga na kitu, alivushwa darasa. Mama ni UWT, jumuiya ya wanawake wa chama, tena wa kofia na kitenge, si wa kwenye daftari. Mjomba ni balozi wa shina. Na kwa sisi Wakwere mjomba si mtu wa kupishana naye njiani ukamwambia shikamoo ukaendelea na safari. Mjomba ana neno kwenye posa yako, ana neno kwenye shamba lako, na kwa kuwa huyu wa kwangu ni balozi, ana neno kwenye kura yako.

Mimi nilizaliwa mwaka ule ule wa 1977. Baba alitaka kuniita Mapinduzi, bibi akakataa, akasema mtoto wa kwanza anarithi jina la wazee. Kwa hiyo mimi na chama hiki ni marika. Tofauti yetu ni kwamba chenyewe kila baada ya miaka mitano kinapakwa rangi upya, mimi hakuna anayenipaka.

Kazi yangu ni kuziba pancha. Kibanda changu kipo hapa Lugoba, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Msata mpaka Segera, ambapo malori ya kokoto yanapita mchana na usiku. Kokoto za kwetu zimejenga nusu ya Dar es Salaam, na vumbi lake limejenga kikohozi changu. Lakini silalamiki kuhusu vumbi. Nalalamika kuhusu jambo ambalo hapa kijijini halitamkwi kwa sauti: nimeanza kuyumba.

Na ieleweke kwamba ukoo wetu haujawahi kuyumba. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchi nzima kuuliza wananchi kama wanataka vyama vingi, kiasi cha asilimia 80 walijibu kwamba kimoja kinatosha. Siku hizi kila ninayekutana naye anadai alikuwa kwenye ile asilimia 20. Kwetu hakuna aliyewahi kudai hivyo. Baba mpaka leo anauliza: kama watu 80 kati ya 100 walikataa, wale 20 walishindaje? Nilimweleza kwamba tume ilipima upepo, ikaona heri kubadilika mapema kabla ya kusukumwa. Akaniuliza, “Mapema ya nani?” Vyama vingi vikaruhusiwa 1992, baba akavikaribisha kwa kufunga redio.

Kura yangu ya kwanza niliipiga 1995. Augustine Mrema alikuwa ametoka CCM akaenda NCCR-Mageuzi, vijana wa mjini wakawa wanamsukuma gari mpaka linasahau kama lina injini. Mimi nilimpenda Mrema kimoyomoyo. Nilimpenda mpaka mlangoni mwa kituo cha kupigia kura, nikamkuta mjomba amekaa pale ndani kwenye kiti, wakala wa chama, miguu ameikunja, ananitazama kama ananihesabia. Benjamin Mkapa wa CCM alipata karibu asilimia 62. Ndani yake nimo.

Halafu likaja somo la mafiga matatu. Kwa aliyekuwa nje ya nchi, somo lenyewe ni hili: rais, mbunge na diwani wote watoke chama kimoja, kwa maana chungu hakikai kwenye mafiga mawili. Mjomba alilifundisha nyumba kwa nyumba. Nikamwambia, mjomba, hoja hii umeileta kwa watu wasio sahihi. Sisi ndio tunaochimba mawe. Mtu wa Lugoba anajua kwamba mawe hayalingani hata yakitoka shimo moja. Lipo linalokaa motoni miaka na miaka, na lipo ambalo maji hayajachemka limeshapasuka limemwaga ugali. Mpishi mwenye akili halichagui jiwe kwa kuuliza limetoka shimo gani. Analigonga kwanza. Mjomba akaniangalia muda mrefu, akasema, “Mpwa wangu, hayo ni maneno ya CUF.” Kila nikiuliza swali nyumbani kwetu naambiwa ni maneno ya chama fulani. Miaka hiyo ilikuwa CUF, baadaye ikawa Chadema, juzi nimeuliza bei ya sukari nikaambiwa nimekuwa ACT.

Sasa nije kwenye jambo linalofanya malalamiko yangu yaonekane ya mtu asiye na shukrani. Kutoka hapa kwangu kwenda Msoga ni pua na mdomo. Msoga ndipo alipozaliwa Jakaya Kikwete, aliyekuwa mbunge wetu wa Bagamoyo tangu 1990, wa Chalinze tangu 1995, na Rais wa Tanzania kuanzia 2005 mpaka 2015. Jimbo la Chalinze tangu lianze halijawahi kumwona mbunge wa upinzani hata wa kusingiziwa, na tangu uchaguzi mdogo wa 2014 mbunge ni Ridhiwani, mwanawe. Mwaka 2005, Kikwete alipopata zaidi ya asilimia 80 ya kura, kwetu hakukuwa na uchaguzi, kulikuwa na shughuli. Ngoma ilikesha. Mbuzi wetu walivalishwa kofia. Kaulimbiu ilikuwa Ari Mpya, Nguvu Mpya na Kasi Mpya. Mjomba akachukua ari, mama akachukua nguvu, kasi wakaiachia misafara.

Tangu hapo sina raha nikienda Dar es Salaam. Nikisema natokea Lugoba, jirani na Msoga, watu wananitazama mifukoni. Shemeji yangu wa Mbagala aliniomba nimsaidie mtoto wake apate kazi bandarini. Nikamwambia mimi naziba pancha. Akacheka, akasema, “Nyie watu wa kwa mkubwa mnajua kujificha.” Mpaka leo anaamini nina mtu.

Siwezi kusema hatukuona kitu, maana mdomo utapinda. Ipo lami kutoka Bagamoyo mpaka Msata, kilomita 64. Zamani safari ile ilikuwa ya kuandika wosia. Ipo hospitali pale Msoga. Umeme tunao, na ukikatika unakatika kwetu sawa na unavyokatika kwa wengine, bila upendeleo. Maji ya Mto Wami yamefika mpaka mabombani, ingawa bomba la mtaani kwetu lina siku zake, na siku zenyewe hazijui kalenda. Niliwahi kupiga simu ofisi inayohusika. Ofisi yenyewe siitaji hapa, maana hata wao walipopokea simu hawakujitaja.

Kwa hiyo sikuanza kuyumba kwa sababu ya maendeleo. Nilianza kuyumba kwa sababu ya misafara.

Mtu anayeziba pancha kando ya barabara kuu anaijua siasa ya nchi hii kuliko mhadhiri wa chuo. Barabara hii ndiyo iendayo Tanga, Moshi na Arusha. Wakati wa kampeni misafara inapita hapa magari mpaka unachoka kuhesabu, bendera zinapepea, vipaza sauti vinaimba. Nami nasimama mbele ya kibanda na fulana yangu ya kijani, nimepunga mkono mpaka bega linauma. Hawasimami. Nilidhani labda wana haraka. Nikamuuliza dereva mmoja aliyerudi nyuma kuja kuziba tairi, akanipa siri ya serikali bila kujua: “Mzee, hapa si kwenu? Hapa kura zipo. Sisi tunakimbilia kule kwenye matatizo.”

Kwenye matatizo! Moshi Mjini walimchagua Philemon Ndesamburo wa Chadema kuanzia 2000 mpaka alipong’atuka 2015, miaka 15 wanasema hapana. Na miaka yote 15 wakubwa walipita mbele ya kibanda changu kwenda kuwabembeleza. Kule wanaahidiwa, wanapigiwa magoti, wanaulizwa kero zao moja baada ya nyingine, mtu ameshika kalamu anaandika. Mimi niliyesema ndiyo tangu 1995 nimeachiwa vumbi na honi.

Siku hiyo ndiyo nilipoanza kupiga hesabu upya.

Mama alinishauri nisikasirike, nisubiri vitu. Kwa mama, uchaguzi ni vitu. Analo sanduku la khanga, vitenge na fulana za kila uchaguzi. Ukitaka kujua historia ya nchi huhitaji maktaba, mwombe mama afungue sanduku. Za 1995 zimebaki kola. Za 2005 ndizo nzito kuliko zote, pamba tupu. Za 2015 zimechuja mpaka kijani imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na moja tumeivalisha sanamu ya kutishia nyani kule shambani. Nyani waliiheshimu wiki ya kwanza. Sasa wanakula mahindi wameegemea sanamu.

Mama ana kinyongo kimoja tu na Mahakama Kuu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa moyo mweupe wakati wa kampeni. Wanaharakati wakaenda mahakamani, na 2006 Mahakama Kuu ikasema hapana, hiyo ni rushwa iliyovaa kanzu. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Mama anasema majaji wale hawakuwa na njaa. Nikamwambia, mama, sahani ya pilau kwa miaka mitano ukiigawa kwa siku haifiki punje. Akajibu, “Wewe unagawa. Mimi nilikula.” Na kwa kweli tangu wakati ule sijapata jibu la hoja hiyo.

Ukoo wetu ulitikisika mara moja tu, nayo ilikuwa 2015. Mjomba alikuwa mtu wa Edward Lowassa. Alimpenda tangu akiwa Waziri Mkuu, akampenda alipojiuzulu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, akaendelea kumpenda akimsubiri awe mgombea wa CCM. Vikao vya Dodoma vikapita, jina halikurudi. Julai ile Lowassa akahamia Chadema, chama ambacho miaka yote kilikuwa kikimwita fisadi mchana kweupe. Wapinzani waliokuwa wakimtukana wakamwimbia, na CCM waliokuwa wakimwimbia wakaanza kumtukana, yote ndani ya wiki moja. Dokta Wilbrod Slaa, aliyekuwa katibu mkuu wa Chadema, akaona mambo mengi, akajiondoa. Sisi wapiga kura wa kawaida tukabaki tunageuza shingo kushoto kulia mpaka zikakaza.

Mjomba aliugua siku kadhaa. Malaria, alisema. Zahanati walimpima, wakasema hana malaria. Nami ndipo nikaona upenyo. Nikamfuata kwa adabu, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia: mjomba, kama mtu mzito kiasi kile ameweza kuondoka, sisi wepesi tunasubiri nini? Akafikiri sana. Akasema, “Yule akiondoka ana pa kurudia.”

Nilimdharau kwa jibu lile. Lowassa akapata karibu asilimia 40 ya kura, John Magufuli akashinda kwa asilimia 58. Mwaka mmoja, miwili, mitatu. Machi 1, 2019 nimekaa kibandani nasikia redio: Lowassa amerudi CCM, amerudi nyumbani. Mwaka uliofuata Frederick Sumaye, Waziri Mkuu mwingine mstaafu aliyehama naye, akarudi. Bernard Membe alivuliwa uanachama 2020, akagombea urais kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, 2022 akarudi. Lowassa na Membe wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini hebu niambie, mpiga kura anayeyumba atamfuata nani? Kila nikikusanya ujasiri wa kutoka, nakutana mlangoni na niliyetaka kumfuata anaingia.

Na waliorudi si hao wakubwa tu. Kuanzia 2017 ulizuka mtindo wa kuunga mkono juhudi. Mbunge au diwani wa upinzani anaamka asubuhi, anajiuzulu, anasema anaunga mkono juhudi za Rais, anapokewa CCM, uchaguzi mdogo unaitishwa kwa fedha za walipa kodi, yeye yule anasimamishwa tena kwa kofia nyingine. Niliona kwenye televisheni jinsi wanavyopokewa: jukwaa, kipaza sauti, kofia mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani, viongozi wanamshika mkono, kinamama wanapiga vigelegele. Mtu ametukana chama miaka mitano anapigiwa vigelegele. Mimi ambaye sijatukana, sijapigiwa hata mluzi.

Likanijia wazo. Nikaenda kwa mjomba. Nikamwambia, mjomba, nimepata njia ya maendeleo. Nihame Jumatatu niende upinzani, Ijumaa nirudi niunge mkono juhudi. Hata kama si jukwaa la taifa, nipate basi la kata, na kofia. Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akafuta machozi akaniuliza swali ambalo halijanitoka kichwani:

“Mpwa wangu, wewe ukihama, nani atajua?”

Basi nikajaribu kwa upande wa hoja. Nikamkumbusha mama kwamba Mwalimu Nyerere, aliyekiasisi chama hiki na kukiongoza mpaka 1990, alitamka hadharani 1995 kwamba CCM si mama yake. Nilisema hivyo kwa kujiamini, maana ukishamtaja Mwalimu kwa mtu wa rika la mama umemaliza mchezo. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua hata uso.

“Kweli kabisa, mwanangu. Mama yako ni mimi. Na mimi niko CCM.”

Wasomi watasema kura ni siri. Kura ni siri, lakini Lugoba si siri. Ukiingia kwenye kituturi uko peke yako na Mungu wako, hilo sikatai. Lakini jioni kura zikishahesabiwa, fomu ya matokeo inabandikwa pale kituoni, na kila mtu anakwenda kuisoma. Katika uchaguzi mmoja, mwaka siutaji, kituo chetu kilitoa kura moja ya upinzani kwa upande wa diwani. Moja. Zilikuwa zimekaa zile tarakimu, mamia kule na moja huku, kila mtu anaiona. Kesho yake ukoo ulikaa kikao. Ajenda hazikusomwa, lakini zilijulikana. Mjomba akaanza na dua, akaendelea na historia ya babu na kadi ya TANU, kisha akawatazama vijana mmoja mmoja usoni. Binamu yangu akaapa kwa Mwenyezi Mungu. Shemeji akasema yeye siku ile alikuwa anaumwa jicho. Mimi nikakohoa, nikasingizia vumbi la kokoto.

Mpaka leo kura ile haijapata baba. Mimi nilimshuku mke wangu. Yeye ni mtu wa Kiwangwa, na watu waliozoea kulima mananasi hawaogopi miiba. Nilipomuuliza alinijibu kwamba yeye siku zote alidhani ni yangu. Ndoa ya miaka mingi, tukatazamana kwa heshima mpya.

Oktoba 29, 2025 ilikuwa habari nyingine. Chadema haikuwemo kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Orodha ya wagombea urais ilikuwa ndefu vilevile, sura nyingi nikiziona kwa mara ya kwanza, za vyama ambavyo sijawahi kukutana na mwanachama wake hata msibani. Siku ile kukawa na maandamano mijini, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, na watu walipoteza maisha. Tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Rais Samia Suluhu Hassan ameshinda kwa takriban asilimia 98. Safu hii kazi yake ni kuchekesha, na kwa waliozika watoto wao sina la kuchekesha, nawapa pole. Nitasema tu kwamba mjomba, ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa neno siku ya matokeo, safari hii hakuuliza nani kapata ngapi.

Baada ya hapo ndipo binti yangu alipokuja likizo. Yupo chuo, ana miaka 20, na kura yake ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo ya 2025. Nilitegemea nimkute na chama, chochote, nigombane naye kama baba. Hana. Akanikuta naisuta redio, akauliza kwa upole, “Baba, hivi hiki chama unakipendea nini?” Nikaanza: babu alikuwa na kadi ya TANU. Baba alivushwa 1977. Bibi yako ni UWT. Mjomba wangu ni balozi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Hao ni ndugu zetu, baba, nawapenda. Mimi nimeuliza kuhusu chama.”

Nilifungua mdomo, nikaona heri nikazibe pancha.

Lakini mikono ikiwa kwenye tairi, kichwa kinafanya kazi. Nikakumbuka uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, ambapo CCM ilitangazwa kuchukua zaidi ya asilimia 98 ya viti vya vijiji, mitaa na vitongoji. Chama chenye asilimia 98 hakinihitaji mimi nibaki, na kwa hesabu hiyo hiyo hakitashtuka mimi nikiondoka. Nilidhani uaminifu wangu ni mtaji. Kumbe mtaji walikuwa nao watu wa Moshi, waliojua kusema hapana na kusubiri wafuatwe. Sisi wa Chalinze, na wenzetu wa majimbo yote yasiyojua kusema hapana, tumeshusha bei ya kura zetu wenyewe mpaka imekuwa salamu: inatolewa, inaitikiwa, safari inaendelea.

Wala sisemi haya kwa kuwa upinzani umenivutia. Upinzani nao wana yao. Wakija huku kwetu wanakuja kwa nadra, wanaongea na sisi kama watu waliolala wanaohitaji kumwagiwa maji, wanatukana wazee wetu kisha wanataka kura za wajukuu. Miaka 30 na zaidi ya vyama vingi, na hapa Lugoba sijawahi kumwona kiongozi wao amekaa kwenye benchi langu nje ya msimu wa kampeni akauliza pancha inazibwa kwa shilingi ngapi. Wanagombana wao kwa wao juu ya nani ni mpinzani wa kweli. Mtu akiwakimbia, wanasema alikuwa pandikizi. Akija, wanasema ni mkombozi. Kati ya chama kisichonihitaji na vyama visivyonijua, mtu kuyumba si usaliti, ni akili timamu.

Mjomba nimemweleza hivi hivi. Safari hii hakusema ni maneno ya chama chochote. Alikuna kichwa, akasema yeye amezeeka, kadi yake atazikwa nayo, lakini hata yeye angependa siku moja msafara usimame hapa, mtu ashuke, aulize habari za maji. “Balozi mzima,” alisema, “na mimi napunga mkono tu.” Nikajua sipo peke yangu, nimezungukwa na watu wanaoyumba wamevaa kijani.

Kwa hiyo natoa taarifa kwa wote wanaohusika, wa kijani, wa bluu, wa zambarau na rangi nyingine yoyote itakayosajiliwa. Serikali za mitaa ni 2029, uchaguzi mkuu ni 2030. Kadi ya babu itabaki sandukuni kwa heshima yake, mama atabaki mama, mjomba nitamwamkia kila asubuhi. Kura yangu mtakuja kuiomba hapa kibandani, kando ya barabara, mkiwa mmeshuka kwenye magari. Nami nawaomba wasomaji wa majimbo ya uhakika kama langu: msihame kama moyo hautaki, lakini acheni kuhesabika mapema. Mtu asiyeweza kusema hapana hakuna anayehangaika kumsikia anaposema ndiyo.